Igeuze Ikutazame

Siku Nondo alipokwenda kumrudisha mkewe kwa nguvu, geti alilifungua kwa teke. Hakupiga hodi, maana hodi ni ya watu wenye subira, na subira kwake ilikuwa nguo ya kuazima, haikuwahi kumkaa mwilini. Komeo liling'oka likarukia kwenye karo la kufulia. Akaingia uani kifua mbele, akihema, akitafuta mtu wa kumkunja.

Jina la Nondo alipewa gereji. Alikuwa fundi bodi, kazi yake kunyoosha magari yaliyogongwa, na mikono yake ilijaa hadi kwenye viungo vya vidole. Wenzake walimwogopa, naye alifurahia kuogopwa, akidhani ndiyo heshima. Wateja waliokuja kulalamika waliondoka wakiomba radhi wao. Sasa mkewe, ambaye mchana alimsaidia kupokea wateja, alimkosoa mbele ya mteja mmoja. Alimwambia yule mteja kwamba mlango wa gari lake hautakuwa tayari jioni ile, na kweli haukuwa tayari, kila mwenye macho aliuona umelala chini na mabonyeo yake. Nondo alingoja mpaka wafike nyumbani. Akamshika mkono wa kushoto, akaupinda nyuma ya mgongo ili amtie adabu, ukafika pale mkono unapokataa, naye akaendelea kuupinda mpaka mfupa ukavunjika.

Hospitali alimwambia nesi, akamwambia mkewe, na njia nzima akajiambia mwenyewe: "Sikukusudia." Mkewe alifungwa plasta. Alipotoka nje hakupanda gari la mumewe. Alikwenda kwa dada yake.

Basi huyo dada ndiye aliyekuwa uani siku ya teke. Alikuwa fundi wa kusuka mota. Watu walimletea pampu, feni na mashine za kusaga zilizoungua, naye huzifumua waya wa zamani na kuzisuka upya. Mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye ulimi ambao ungeweza kumenya viazi. Saa ile hakuwa na mota mkononi. Alisimama katikati ya ua ameshika rimoti kwa mikono miwili, na mbele yake, usawa wa kifua, helikopta ndogo ilikuwa imetulia hewani, inavuma kama nyuki ndani ya kopo. Urefu wake haukuzidi mkono wa mtu mzima. Mteja fulani aliileta na mota iliyoungua, akaichoka, akamwachia.

Hakugeuka kumtazama aliyevunja geti. Alisema tu kwamba komeo lile shemeji atalirudishia mwenyewe, halafu akamtaka asimame nyuma yake, kwa sababu mapanga yale yanayozunguka juu yake yakimpata mtu hayaulizi ukoo.

Nondo akasema amemfuata mke wake. Shemeji akamjibu kwamba mke wake amelala, na kwamba yeye si mzigo wa kufuatwa. Kilichomuuma Nondo si maneno, ni ule mgongo. Hakuna mtu aliyewahi kuzungumza naye huku amempa mgongo. Akamfikia kwa hatua mbili, akamsukuma bega, akaipokonya ile rimoti, akasema kichezeo cha watoto ndicho kinachomfanya mtu mzima akose adabu, na atamwonyesha kinavyoendeshwa. Akavisukuma vijiti vya rimoti vyote viwili kwa pamoja.

Hapakupita muda wa kupiga chafya. Helikopta iliruka juu kama iliyochomwa sindano, ikalala ubavu, ikajipiga ukutani, ikarudi chini chini kwa hasira zake yenyewe, na mapanga yakampata Nondo kwenye muundi. Nyama ilifunguka mpaka mfupa ukaonekana mweupe, kisha damu ikajaa ikaufunika. Nondo alikuwa mtu wa magomvi, alishapigwa chupa na spana, lakini hapo alipiga yowe hadi majirani wakachungulia.

Shemeji alikwenda kuizima helikopta kwanza. Mguu wa Nondo aliushughulikia baadaye, akaumwagia spiriti bila kupunguza.

"Kitu chenye uzito wa kifaranga kimekuangusha, shemeji," alimwambia huku anafunga kitambaa. "Halafu unataka nikukabidhi mtu."

Nondo aliuma meno.

"Siku utakayoishika hewani, usawa wa kifua chako, tangu birika linabandikwa mpaka linachemka, siku hiyo tutazungumza habari za mdogo wangu. Mpaka hapo utaingia hapa kwa hodi."

Alisema vile ili amwondoe. Alijua wanaume wa aina yake huchoka haraka na kitu kisicholia kinapopigwa, na mfupa wa mdogo wake ungeunga kwa amani. Lakini hakumjua vizuri shemeji yake. Nondo hakuwahi kupigwa na kitu akakiacha. Na tusimnyime haki yake, alimpenda mkewe. Alimpenda kadiri alivyojua, na kujua kwenyewe ndiko kulikokuwa na kasoro. Nyumba ilikuwa imempoa. Alikuwa anakula amesimama, anazungumza na redio. Akarudi Jumapili iliyofuata na komeo jipya mfukoni, akapiga hodi.

Mafunzo yakaanza. Chini ya helikopta shemeji alifunga vijiti viwili vya msalaba, vyenye vipira mwishoni, ili isipinduke ovyo, na Nondo akaona amevalishwa nepi. Akaambiwa mambo matatu. La kwanza, watu wote wakae nyuma ya anayerusha. La pili, mkia wa helikopta uwe upande wake daima.

"Mkia ukiwa kwako, kushoto kwako ndiko kushoto kwake," shemeji alimweleza. "Ikikugeuzia pua, mambo yanageuka. Ukisukuma kijiti kulia yenyewe inakwenda kushoto kwako. Huko hujafika."

La tatu alilisema mara nyingi kuliko yote. Kijiti cha kulia huipeleka pande, cha kushoto ndicho kinachoinua. Mtu akiona imemshinda, akishushe mpaka mwisho, mapanga yazime, kitu kianguke chini kivunjike. Kitatengenezwa. "Ukipotea, ikate."

Wiki za mwanzo haikupanda hewani. Iliteleza tu juu ya sakafu ya ua, ikazunguka, ikagonga pipa la maji, ikagonga karo, ikamfukuza paka mpaka akahama. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na za Nondo ziliishia hapo kila Jumapili. Kila panga lilipokatika alikuwa na wa kumlaumu: upepo, betri, aliyekitengeneza kitu chenyewe. Shemeji alimwambia kwamba helikopta haitulii hata siku moja. Hiyo anayoiona imetulia, mtu anaisahihisha kidogo kidogo kabla haijakosea. Nondo alisubiri ikosee kwanza, halafu akaiadhibu.

Dirishani, nyuma ya pazia, kulikuwa na mtu mwenye plasta. Nondo alimjua kwa kivuli. Hakutoka, lakini kila mashine ilipowashwa pazia lilisogea.

Habari ikafika gereji, kama habari zinavyofika. Fundi rangi, mcheshi asiyejua kipimo, akaanza kumwita Rubani. Asubuhi moja Nondo alipoingia, fundi rangi alitandaza mikono, akazunguka magari akivuma kwa midomo, akatua mbele yake na kuuliza ndege ya kwenda ukweni inaondoka saa ngapi. Mafundi wote wakacheka.

Nondo alimpiga ngumi ya kwanza kabla kicheko hakijaisha. Ya pili ilimkuta anaanguka. Alimdaka kwa ukosi wa ovaroli, akakibamiza kichwa chake juu ya boneti iliyokuwa inasubiri rangi, mara moja, mara mbili, damu ikatoka puani ikachirizika juu ya puti nyeupe ya kusawazishia bati. Fundi rangi alitema jino. Watu wanne walimng'ang'ania Nondo, akawakung'uta wawili, na wa tatu akatapika chai kwa kiwiko alichozamishiwa tumboni. Walipofanikiwa kumlaza chini alikuwa bado anarusha mateke. Kichekesho, kama pana wa kucheka, ni kwamba boneti ile aliinyoosha yeye mwenyewe jana yake, na jioni ilimbidi ainyooshe tena, mahali paliposhika sura ya kipaji cha uso cha mwenzake.

Hasira hasara. Jumapili alikwenda ukweni na vidole vilivyovimba, havisikii kijiti. Helikopta ikapanda, ikayumba, ikajitupa chini ikavunja mkia. Na hapo Nondo akaifanyia alichozoea kufanya. Aliirukia kwa miguu miwili. Akaikanyaga, akaisaga kwa kisigino, akaiokota akaibamiza sakafuni, akaiokota tena akaibamiza, mpaka pakabaki waya na vipande. Akasimama anahema. Pazia dirishani lilikuwa wazi, na mkewe alikuwa amesimama pale waziwazi, mkono wa plasta kifuani, anamtazama kama mtu anayeangalia picha zake mwenyewe.

Shemeji hakupiga kelele. Alileta sinia, akavikusanya vipande vyote, akaliweka sinia mbele yake pamoja na nyundo ndogo ya kazi zake na kipande cha chuma. Akasema aliyevunja ndiye fundi.

Nondo alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ekseli inayobeba mapanga, nyembamba kuliko kalamu, ilikuwa imepinda. Aliizungusha mbele ya jicho akatafuta pale ilipoanza kukosea, akailaza juu ya chuma, akaigonga. Aliigonga kwa uzito wa nyundo peke yake. Akaizungusha, akasikiliza, akagonga tena pembeni kidogo, kama anavyofanya kwenye bati jembamba la mlango, ambalo ukilipiga kwa nguvu linatanuka na halirudi tena. Ndiyo kazi yake. Watu walimletea magari kutoka mbali kwa ajili ya mkono ule. Uani palisikika tik, tik, tik, na shemeji aliacha kazi yake akawa anaitazama mikono ile.

Sauti ya mkewe ikatoka dirishani, ya kwanza tangu hospitali.

"Kumbe una mkono mwepesi."

Nondo aliinamisha kichwa akatabasamu. Alidhani amesifiwa.

Vipande visivyofaa alinunua vipya, shemeji akaunga waya, na tangu siku hiyo akaanza kuiweza. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Akajifunza kugusa kijiti kwa ncha ya kidole gumba, asikisukume, akajifunza kuliona kosa likiwa bado wazo. Siku moja mashine ikapanda, ikafika kiunoni, ikafika kifuani, ikakaa. Ilikaa hapo inatetemeka, na machozi yakamjaa Nondo, wala hakuona aibu. Hakuwahi kukishika kitu namna ile bila kukigusa. Wakavitoa vile vijiti vya msalaba. Gereji nako akatulia, akaongea kwa sauti ya chini, na waliosahau haraka wakasema amebadilika. Fundi rangi, ambaye ulimi wake ulikuwa bado unaingia penye pengo la jino, aliendelea kukaa mbali naye. Alisema mbwa akilala, meno yamo humo humo mdomoni.

Mkewe alianza kutoka nje. Alikaa kwenye ngazi ya mlango na kutazama. Siku nyingine alimuuliza kama anakula. Nondo alisema anakula, halafu akasema hapana, hali. Wote wawili wakacheka kidogo.

Plasta ikaondolewa. Nondo aliposikia, aliaga gereji kwamba Jumapili anakwenda kumchukua mkewe. Alinyoa, akavaa shati lililopigwa pasi, akapiga hodi kwa adabu kama mchumba.

Alipoingia, kitu cha kwanza alichokiona ni mfuko wa nguo mlangoni, umefungwa zipu. Mkewe alikuwa ameshafungasha. Dada mtu alikuwa amenuna, na ilionekana wamegombana asubuhi nzima, mmoja akisema mwezi mmoja wa Jumapili njema haumfanyi mtu kuwa mwingine, na mwenzake akijibu kwamba amechoka kuishi katika chumba cha watu akimtazama mumewe kupitia pazia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekonda, ngozi imepauka, na aliushika kwa mkono wa kulia kana kwamba amebebeshwa mali ya mtu.

Jiko lilikuwa nje, kushoto mwa ua, karibu na karo. Mkewe akabandika birika yeye mwenyewe, akabaki pale pale karibu na jiko. Nondo alimwona. Alijua kwamba watu wote hukaa nyuma ya anayerusha. Lakini alitaka amwone, alitaka amtazame usoni saa ya ushindi wake, akanyamaza.

Akawasha. Mashine ikapanda hadi usawa wa kifua ikasimama, mkia kwake, nzuri kabisa, imenyooka kama iliyotundikwa kwa uzi. Upepo ukapita akaumeza kwa kidole. Birika likaanza kuimba. Hata shemeji, kwa ukali wake wote, alikunjua mikono. Nondo alihisi ameshafika nyumbani, mlango umefungwa, sufuria iko jikoni, na mambo yote yaliyopita yamepita.

"Igeuze," mkewe akasema. "Igeuze ikutazame."

Hakusema kwa kumkomoa. Alisema kwa upole, kama mtu anayetaka kuona kitu kimoja cha mwisho kabla hajaubeba mfuko wake.

Shemeji akasogea hapo hapo. "Muache, mdogo wangu. Huko hajafika. Na wewe ondoka hapo, njoo nyuma."

Hajafika. Neno hilo lilimwingia Nondo pale pale lilipomwingia lile la mlango wa gari. Tena mbele ya mkewe, tena dakika ya mwisho, mtu anamwambia hayuko tayari.

"Nimefika," alisema.

Akaigeuza. Pua ikazunguka taratibu mpaka ikamtazama, na kwa muda mfupi ikakaa, naye akataka kucheka. Kisha ikaanza kuteleza kushoto, kidogo tu, kuelekea jikoni. Nondo akagusa kijiti kulia, kama alivyozoea. Ikateleza zaidi. Akaongeza. Ikainama upande, ikakaza mwendo kuelekea kule kule.

"Ikate," shemeji akasema.

Aliisikia sauti. Kidole cha kushoto kilijua la kufanya, kilifundishwa hilo kabla ya yote. Lakini birika lilikuwa halijachemka. Akiikata itaanguka, itavunjika, na itakuwa ameshindwa mbele yao. Akaiona imekaidi, na kwa kitu kilichokaidi, Nondo alijua dawa moja tu. Akakisukuma kijiti cha kulia mpaka mwisho, akakikandamiza hapo kwa nguvu zake zote.

"Ikate, shemeji."

Mkewe aliinua mkono kujikinga uso, na mkono aliouinua ni ule wa kushoto. Mapanga yakaingia. Yaligonga mfupa kwa sauti kavu, yakavunjika yakagonga tena, yakachana ngozi ile mpya kutoka kwenye kifundo kwenda juu, na vipande vikarukia ukutani. Damu ikapiga birika ikachemka juu yake kwa mlio mfupi. Mkewe akaanguka chali kati ya karo na jiko, na mashine ikaanguka juu yake ikijipiga-piga kama kuku aliyechinjwa, mpaka dada yake alipoing'oa betri kwa mikono mitupu, naye akachanika vidole.

Halafu kifuniko cha birika kikaanza kucheza. Limechemka.

Shemeji alikuwa amepiga magoti, ameukaza mkono wa mdogo wake kwa nguo yake mwenyewe, nguo inalowa. Mkewe hakulia. Alikuwa mweupe midomo, na macho yake yalikuwa kwa mumewe.

"Sikukusudia," Nondo alisema.

"Najua," mkewe alijibu. "Hata siku ile hukukusudia."

Nondo akatafuta namna ya kujieleza, na akaipata iliyokuwa ya kweli, maana hakuwa na nyingine. "Ningeikata ingevunjika."

"Yenyewe ndiyo ingevunjika," mkewe akasema.

Hapo ndipo Nondo alipojitazama mikono. Rimoti ilikuwa bado kifuani pake, na kidole gumba cha kulia kilikuwa bado kimekandamiza kijiti, hadi ukucha umekuwa mweupe, wakati hapakuwa tena na kitu hewani cha kuongozwa. Akakiambia kiache. Kilichukua muda kuacha. Akaiweka rimoti chini, akapiga hatua moja kwenda kwa mkewe, na mkewe akausogeza mwili wake nyuma mpaka mgongo ukagusa karo.

Shemeji aliinuka, akaliepua birika, akasimama nalo kati yao, mvuke unamfunika uso, damu ya vidole vyake inachuruzika kwenye mpini.

"Limechemka, shemeji," alimwambia. "Nenda."

Nondo akaenda. Alipofika getini alisikia zipu, akageuka. Shemeji alikuwa ameufungua ule mfuko wa mlangoni, anachomoa nguo safi za mdogo wake, anamfunga nazo ule mkono, moja juu ya nyingine. Nondo akalifungua komeo alilolipachika yeye mwenyewe, lile jipya, akatoka, akalivuta geti nyuma yake taratibu sana lisipige kelele.